Mgeni Asiyepewa Jembe: Uhakiki wa Heshima Tunayowapa Wanawake

Utangulizi

Wahenga walituachia mithali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia kumsuta mgeni mvivu. Lakini mithali hiyo ina upande wa pili ambao sisi wahubiri hatuugusi sana. Jembe ni kazi, na pia ni dalili ya kwamba mtu amekuwa wa nyumbani. Anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, na aliyeonyeshwa shamba ana neno la kusema juu ya mavuno. Mgeni akikirimiwa mwezi mzima, akawekewa kiti kizuri na firigisi kila mlo, lakini asipewe jembe, yafaa ajue kwamba wenyeji hawajamhesabu kuwa mmoja wao.

Katika makala haya napenda kuihakiki heshima ambayo kanisa letu na jamii yetu huwapa wanawake. Sikusudii kuibeza. Kijana anayempisha mama kiti ndani ya basi amelelewa vema, na nchi isiyo na watu wa namna hiyo ni nchi ya kusikitisha. Swali langu ni hili: ni wapi heshima hiyo inapogeuka kuwa ubaguzi, na ni kwa alama gani tunaweza kuutambua mpaka huo, ambao ni mwembamba mno? Naliuliza swali hili nikiwa mdaiwa, kama nitakavyoeleza.

Jina lililokatwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa walimu waliopanga vituo vya mazoezi ya uchungaji kwa wanafunzi. Vituo viwili vilikuwa vya mbali, kimoja Nachingwea na kingine Ruangwa, mkoani Lindi. Orodha ya kwanza ilimpangia mwanafunzi mmoja wa kike kwenda Ruangwa. Mimi ndiye niliyelikata jina lake. Nilisema kwamba masika yakianza barabara hugeuka matope, kwamba nyumba atakayokaa haina ua, na kwamba si heshima kumtuma binti wa watu mahali kama hapo. Wenzangu waliafiki. Tukampangia usharika wa mjini, karibu na hospitali na benki, na badala yake tukamtuma kijana wa kiume. Nilirudi nyumbani nikijiona muungwana.

Siku ya pili yule binti alikuja ofisini. Aliniamkia, akangoja kukaribishwa, akaketi. Kisha akasema: "Mwalimu, nimeambiwa mmenionea huruma kwa sababu ya matope ya Ruangwa. Nashukuru. Ila naomba kujua, wanawake wanaokaa kule, nani amewaonea huruma?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba tutaliombea jambo hilo, kauli ambayo sisi wachungaji huitumia tunapotaka mtu aondoke. Akaondoka, wala hakwenda Ruangwa. Alipohitimu, taarifa yake ilieleza kwamba hana uzoefu wa sharika za vijijini, na saini iliyokuwa chini ya taarifa hiyo ilikuwa yangu.

Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo. Sikumtukana, sikumdharau, wala sikumnyima kitu kwa chuki. Nilimtendea mema kwa kadiri ya ufahamu wangu, na wema huo ukamfungia mlango. Laiti ningalimkataa kwa ukali, angalikata rufaa na watu wangalimwelewa. Lakini ni nani awezaye kukata rufaa dhidi ya huruma?

Nachingwea ilivyotufundisha

Baadaye nilipata nafasi ya kwenda mwenyewe Nachingwea na Ruangwa. Matope yapo; sikuyazua. Lakini ndani ya matope hayo nilikuta wauguzi wa kike wakienda zamu, walimu wa kike wakisahihisha madaftari kwa mwanga wa taa, na akina mama waliotembea tangu alfajiri ili wafike ibadani. Aliyenipokea kanisani, akanionyesha kitabu cha washarika, akanieleza ni nani mgonjwa na ni nani aliyefiwa, alikuwa mzee wa kanisa mwanamke. Nilikuwa nimemkinga mwanafunzi wangu na mahali ambapo kanisa lenyewe lilikuwa limebebwa na wanawake.

Aibu yangu ilizidi nilipokumbuka historia. Karibu na Nachingwea palikuwa na kambi ambamo chama cha FRELIMO kiliwafunza wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji. Mwaka 1967 kundi la wanawake vijana lilipokea mafunzo ya kijeshi huko, na miongoni mwao alikuwamo Josina Muthemba, ambaye mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel. Wapo wanaume waliopinga wanawake kubeba silaha, na hoja ya kumlinda mwanamke haikukosekana. Wanawake wale walikwenda. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke ya Msumbiji hata leo. Basi, mahali ambapo binti wa miaka ishirini na ushei alijifunza kubeba bunduki mwaka 1967, mimi, mtumishi wa Injili, nilipaona pagumu mno kwa binti wa kubeba Biblia.

Nachingwea ina funzo jingine. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga hapo, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, fedha nyingi zikateketea, na mradi ukaanguka. Sababu zilikuwa nyingi, za udongo, mvua na mitambo. Lakini mtu hawezi kuisoma habari hiyo asione jinsi mipango mikubwa ilivyofanywa mbali, na watu wasioijua ardhi ile, kwa ajili ya watu ambao hawakuulizwa. Wema wa namna hiyo una jamaa zake ndani ya kanisa.

Ukoo wa mama na kitabu cha korosho

Wapo watakaosema kwamba kusini ni tofauti, kwa maana huko mwanamke ana nguvu. Ni kweli kwamba Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, kama jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na zamani mume ndiye aliyehamia kwao mke. Lakini tusichanganye mambo mawili. Ukoo kupita kwa mama si sawa na uamuzi kuwa mikononi mwa mama. Mara nyingi anayesema kwa niaba ya ukoo ni mjomba. Mwanamke ni mlango ambao ukoo hupita, na mlango huheshimiwa sana, lakini mlango haukai barazani.

Nilikaa katika nyumba moja wakati wa msimu wa korosho. Mama wa nyumba hiyo alipalilia, akaokota, akaanika, akachambua. Siku ya kupeleka mzigo kwenye chama cha msingi mumewe alimwambia kwa upole wa kweli: "Wewe pumzika, mama watoto. Huko ghalani ni kusukumana tu, si mahali pa mtu kama wewe." Mama akapumzika. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianzia Mtwara mwaka 2007, malipo humfuata mtu ambaye jina lake limeandikwa kuwa muuzaji. Jina lililoandikwa lilikuwa la mume, na akaunti pia ilikuwa ya mume. Simlaumu mzee yule. Hakuwa mwizi, na fedha nyingine alizileta nyumbani. Lakini tazama jinsi neno jema la kupumzika lilivyofanya kazi ambayo ukali usingeweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi. Sheria hiyo haishindwi na wakorofi peke yao. Hushindwa pia na watu wapole wanaowaambia wake zao wapumzike.

Hapo mithali yetu inahitaji kusahihishwa kidogo. Jembe la mpini mwanamke amepewa tangu siku ya kwanza, hata ujana wake umeishia juu yake. Jembe ambalo hajapewa ni lile la uamuzi.

Mama aandikapo na mwanamume asomapo

Kwa wapenzi wa fasihi yetu, mfano unaotajwa mara nyingi katika habari za adabu ya mwanamke ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake. Utendi huo unamwusia binti kumcha Mungu, kuwa na ulimi mwema, kuwapenda maskini, na kumtii na kumtunza mume kwa kila namna. Wapo wanaousifu kuwa kioo cha mke mwema, na wapo wanaoulaumu kuwa mnyororo wa mwanamke. Naona pande zote mbili zimesahau kuuliza nani anasema na nani.

Anayesema ni mama mgonjwa aliyekaribia kifo, na anasema na binti yake. Anamrithisha kile anachokijua juu ya kuishi salama katika dunia ambayo yeye hakuiumba. Tena mshairi huyu anathubutu kumfananisha mume na mtoto mdogo asiyejua bado kusema, ambaye hana budi kuangaliwa. Hiyo si sauti ya mtumwa. Ni sauti ya mtu anayemjua bwana wa nyumba kuliko bwana anavyojijua. Lakini maneno hayo hayo yakitolewa kinywani mwa mama na kutiwa kinywani mwa mwanamume aliye mimbarani, yanabadilika. Wosia unakuwa amri. Adabu ambayo mwanamke aliitumia kama silaha ya unyonge inakuwa kanuni ambayo mwenye nguvu anamdai. Maneno hayakubadilika, aliyefaidika ndiye aliyebadilika. Kwa hiyo mhakiki wa adabu hana budi kuchungulia nyuma ya maneno na kuuliza faida inakwenda wapi.

Petro alisema nini?

Tukija kwenye Maandiko, sisi wanaume tunaipenda nusu ya 1 Petro 3:7. Tunaipenda ile sehemu inayomtaja mke kuwa chombo dhaifu, na juu ya udhaifu huo tumejenga nyumba nzima ya mambo ambayo mwanamke asiyafanye. Lakini mtume hakusema kwamba kwa kuwa ni dhaifu azuiwe. Anawataka waume wawape wake zao heshima, na neno la Kiyunani analolitumia, timē, lina maana ya heshima na pia thamani ya kitu. Kisha anatoa sababu: wao ni warithi pamoja nasi wa neema ya uzima. Heshima ya Petro basi inaelekea kwenye urithi. Heshima isiyofika huko imeishia njiani. Wala Petro hakukomea hapo, kwa maana anaonya kwamba jambo hili likivurugika, sala zetu waume zitazuiliwa. Nakumbuka kwa uchungu jinsi nilivyomwambia binti yule kwamba tutaliombea jambo lake. Kwa maneno ya Petro, sala hiyo ilikuwa na kizuizi, na kizuizi chenyewe kilikuwa mimi.

Agano la Kale lina habari inayofanana na hiyo. Katika Hesabu 27 binti tano za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Hawakuomba kuhurumiwa kama yatima, waliomba ardhi. Musa alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Ingekuwa rahisi kwa Musa kuwapa maneno ya faraja na kuwarudisha hemani.

Sisi Walutheri tuna mfano wetu wenyewe. Martin Luther aliwahi kutoa maneno ya dharau juu ya wanawake, nasi hatupaswi kuyaficha. Lakini katika wosia wake wa mwaka 1542 alimfanya mkewe, Katharina von Bora, kuwa mrithi wake, wala hakutaka awekewe msimamizi, akiamini kwamba mama ndiye mlinzi bora wa watoto wake. Katharina alikuwa ameendesha nyumba kubwa yenye wageni na wanafunzi, mashamba na mifugo. Luther alipofariki mwaka 1546, sheria ya Saksonia haikuutambua wosia huo kama ulivyoandikwa, na mjane akawekewa wasimamizi. Kwa fikra za siku zile, kumwekea mjane msimamizi kulikuwa kumlinda. Katharina, aliyekuwa ameilisha nyumba nzima kwa miaka ishirini, ghafla alihitaji idhini ya wanaume juu ya vitu alivyovijua kuliko wao. Huo ndio ulinzi ninaousema.

"Mama Mchungaji"

Kanisa letu la KKKT liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka 1991. Dayosisi zikafuata kwa nyakati tofauti. Lakini lugha yetu haijafika pale uamuzi ulipofika. Tukisema "Baba Mchungaji", tunamtaja mchungaji. Tukisema "Mama Mchungaji", wengi bado wanamfikiria mke wa mchungaji. Mwanamke aliyebarikiwa anapoitwa hivyo kwa heshima zote, utumishi wake unafunikwa na kanga ya ndoa, hata kama hajaolewa. Mwaka 2021, muda mfupi baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan aliona haja ya kuwakumbusha wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Neno "Mama" ni tamu, na sisi wana wa Afrika hatutaliacha. Ila lisitumike kumwondolea mtu jina la kazi yake.

Vipimo vitatu

Je, tutautambuaje mpaka? Napendekeza vipimo vitatu. Kwanza, je, anayetendewa ameulizwa? Kumpisha mtu kiti ni kumpa nafasi ya kuchagua kukaa au kusimama. Kulikata jina lake kwenye orodha si hivyo. Pili, je, anaweza kukataa heshima hiyo bila kuitwa mkaidi? Heshima isiyokataliwa ni amri iliyovaa kanzu. Tatu, mambo yakiisha, nani amebaki na kitu mkononi? Ikiwa aliyeheshimiwa amebaki na makofi na aliyeheshimu amebaki na shamba, akaunti au nafasi, basi mpaka umevukwa.

Ndugu zangu watanijibu kwamba wanawake wengi wanaipenda heshima hiyo na hawataki kusumbuliwa. Ni kweli, na wana haki ya kuipenda. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kuuliza, si kukisia. Wengine watasema hatari ni za kweli. Nakubali. Lakini hatari ya kweli hutafutiwa dawa, na dawa ya nyumba isiyo na ua ni ua.

Hitimisho

Yule kijana tuliyemtuma Ruangwa badala ya binti alikuja kuniona miaka michache baada ya kubarikiwa. Aliniambia kwamba malaria ilimshika akiwa peke yake, kwamba usiku aliogopa, na kwamba hakuthubutu kumweleza mtu kwa sababu yeye ni mwanamume. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama nyumba ina ua. Ndipo nilipotambua kwamba nilikosa mara mbili kwa barua moja: nilimzuia mmoja bila kumuuliza, nikamtuma mwingine bila kumuuliza. Huruma yangu yote niliimaliza kwa yule ambaye hakuiomba, na yule aliyeihitaji akakosa.

Nilimwandikia yule binti, ambaye sasa ni mchungaji, nikamwomba radhi. Alijibu kwa mistari michache tu. Alinisamehe, kisha akauliza kama nyumba ya Ruangwa imepata ua. Ilikuwa haijapata. Tulichanga, walimu na wanafunzi, na washarika wakatoa miti na nguvu zao. Msimu uliofuata wanafunzi wawili waliomba wenyewe kwenda huko, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, nasi tukawauliza wote wawili maswali yale yale. Aliyepangiwa Ruangwa ni yule wa kike. Alikwenda masika, akafika na viatu mkononi.